Niliwadanganya: Si Baridi Iliyomaliza Miti ya Aisilandi

Wasee, leo naanza na kuomba msamaha.

Mnakumbuka ile video fupi niliposti ya mzaha wa Aisilandi? Kama ilikupita, mzaha wenyewe ni wa watu wa huko: ukipotea kwenye msitu wa Aisilandi ufanye nini? Simama. Ndiyo hiyo tu. Miti yao ni mifupi hivyo. Mkacheka, mkashea, nikajiona msanii. Shida ni ile sentensi ya mwisho niliyoongeza na ujuaji wangu: "Ni baridi tu, miti haiwezi kumea huko." Mtu mmoja akaniandikia kwa komenti, bila matusi, neno moja: "Uliangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Nilisema tu kwa sababu ilisikika kama kitu cha kweli.

Sasa nimeangalia. Nimemaliza bando mbili nikisoma usiku, na nilichokuta kimenikalia vibaya, kwa sababu sikukuta hadithi ya baridi. Nilikuta hadithi ya udongo, na udongo wenyewe naujua.

Mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili. Kitu sijawahi kuwaambia ni kwamba kozi ilikuwa ya kilimo, na daftari pekee nililobaki nalo ni la somo la udongo. Kuna ukurasa mmoja niliandika mbiombio: "Andosoli. Udongo wa jivu la volkeno. Jina la Kijapani: an ni nyeusi, do ni udongo. Mwepesi. Unashika maji sana. Ukifunuliwa, shida." Mwalimu aliongea juu yake kama dakika tano akasonga mbele. Nikaandika, nikasahau. Kumbe zile dakika tano zinatosha kueleza miaka elfu moja na zaidi ya nchi nzima.

Tuanze na kisiwa. Aisilandi iko juu kabisa kwenye Atlantiki ya Kaskazini. Ina kilomita za mraba kama 103,000, yaani haifiki hata moja ya tano ya Kenya, na watu wake wote hawajafika laki nne. Kasarani peke yake inawapita. Kuna baridi, ndiyo, lakini si ile baridi ya friza unayofikiria. Mkondo wa bahari yenye joto unapita karibu, kwa hivyo mji mkuu, Reykjavík, Januari inakaa karibu nyuzi 0, na Julai inafika kama 11. Mvua na unyevu ni mwaka mzima. Mti mmoja hasa uliipenda hiyo hali, na Waaisilandi wanauita birki. Una gome jeupejeupe, majani madogo, na mara nyingi umepindapinda kwa sababu ya upepo. Barafu kubwa ya zamani ilipoondoka, miaka kama 10,000 iliyopita, birki ilipata nafasi ikatanda. Watafiti wanakadiria kwamba watu walipofika, msitu na vichaka vya birki vilifunika kati ya asilimia 25 na 40 ya nchi.

Sasa ingiza volkeno. Kisiwa chote kimejengwa na volkeno, na kila mlipuko mkubwa unamwaga jivu. Jivu linaangukia msitu. Kama pangekuwa na nyasi fupi peke yake, lingezika kila kitu. Lakini mti umesimama juu ya jivu, matawi yanazuia upepo, na jivu linatulia chini. Majani yanaanguka juu yake. Kwa sababu ya baridi na unyevu, majani yanaoza polepole sana, na jivu linavunjikavunjika kuwa chembe ndogo ndogo zinazokumbatia ile mbolea ya majani na kukataa kuiachilia. Rudia hiyo kwa maelfu ya miaka. Unapata udongo mweusi wa kahawia, laini, mwepesi mkononi, unaoweza kushika maji mengi kuliko uzito wake wenyewe ukiwa mkavu. Ukiuona unasema, hapa nimeomoka.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Udongo wa mfinyanzi, ule unaofanya viatu vyako kuwa kilo tano Aprili, chembe zake zinashikana. Udongo wa jivu haushikani hivyo. Ukikauka, upepo unaubeba kama unga. Ukijaa maji halafu utikiswe, unalegea kama uji. Na kwenye baridi kuna kitu kingine: maji yaliyo ndani yakiganda, sindano za barafu zinainua udongo juu, zikiyeyuka, unabaki umelegea, tayari kuondoka. Kilichokuwa kinashikilia hayo yote ni mizizi. Ondoa mizizi, umeondoa kamba.

Watu walifika karibu mwaka wa 870. Wengi walitoka Norwe, na wengine, hasa wanawake, walitoka Ireland na Scotland, baadhi yao wakiwa watumwa. Walipotazama ile nchi waliona kama nyumbani: milima, maji, miti ya birki waliyoijua, nyasi. Wakaja na ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe na farasi. Kabla yao, mnyama pekee wa nchi kavu mwenye kunyonyesha aliyekuwa akiishi kisiwani alikuwa mbweha wa kaskazini, na mbweha hali miti. Hakuna mmea wa pale uliokuwa umezoea mdomo wa kondoo.

Hapa nataka tuwe wapole kidogo, kwa sababu ni rahisi kukaa na simu yako Nairobi useme "wajinga hao walikata miti". Hebu fikiria maisha yao. Majira ya baridi ni marefu, na ng'ombe lazima alishwe ndani. Ili alishwe, lazima ukate nyasi wakati wa kiangazi, uzikaushe, uziweke. Unakata na fyekeo la chuma. Chuma chenyewe walikiyeyusha kutoka madini ya vinamasi, na kuyeyusha kunahitaji makaa. Hata ukishakuwa na fyekeo, chuma kile kilikuwa laini, makali yanaisha haraka, kwa hivyo lazima lirudi kwa moto lifuliwe tena. Makaa tena. Fuata mnyororo: bila makaa fyekeo ni butu, fyekeo likiwa butu nyasi hazitoshi, nyasi zisipotosha ng'ombe anakufa kabla ya majira ya joto, na watoto waliokuwa wakitegemea maziwa yake wako njiani kumfuata. Kila mwaka, kila boma, vizazi karibu thelathini. Yule aliyechoma makaa alikuwa mzazi.

Wengine walichoma msitu kabisa wapate malisho. Halafu kondoo wakamalizia. Birki ikikatwa inaweza kuchipua tena kutoka kwa kisiki, lakini kondoo anapenda chipukizi kuliko kitu chochote, na wakati wa baridi waliachwa nje wajitafutie. Kondoo ndiye aliyewavika watu. Kitambaa chao cha sufu kilikuwa hadi pesa. Walikitumia kulipa madeni na kununua nafaka kutoka ng'ambo. Kwa hivyo huwezi kuwaambia wapunguze kondoo. Ni kama kumwambia mama mboga apunguze sukuma.

Udongo ukaanza kuondoka. Kwanza kwenye nyanda za juu, halafu ukateremka. Kuna umbo fulani unaliona Aisilandi mpaka leo, wanaliita rofabarð: kipande cha ardhi kimesimama peke yake kama kisiwa, juu kina nyasi, pembeni ni ukuta wa udongo mweusi mrefu kuliko mtu, na kukizunguka ni mawe na changarawe tupu. Ule ukuta unakuonyesha udongo ulifika wapi zamani. Kila mwaka upepo unaula kidogo. Yale majangwa meusi ambayo watalii wanapiga picha wakisema "kama mwezini", mengi yalikuwa na udongo na mimea. Hata wanaanga wa Apollo walipelekwa Aisilandi kwa mazoezi ya jiolojia, 1965 na 1967.

Na wenyewe walielezaje? Walisema ni moto wa milimani na ubaridi wa nchi. Karibu kama mimi kwenye video. Na si kwamba walikuwa wanaota. Volkeno ziliwapiga vibaya. Mwaka wa 1104 mlima Hekla ulilipuka ukafunika sehemu kubwa ya nchi kwa jivu jeupe. Mwaka wa 1783 ule mpasuko wa Laki ulitoa gesi ya sumu kwa miezi minane, mifugo ikafa, njaa ikaingia, na karibu mtu mmoja kati ya watano akafariki. Na kuanzia karne ya 14 hivi hali ya hewa ilizidi kuwa baridi kwa karne kadhaa. Ukiwa umezaliwa kwa nchi kama hiyo, tayari ina jangwa, nani atakuambia babu yako alipita hapo chini ya miti?

Kuna mmoja alisema. Ari Þorgilsson, kasisi aliyeandika historia ya watu wake miaka ya 1120 na 1130, aliandika kwamba walowezi walipofika, nchi ilikuwa na miti kutoka milimani mpaka ufuoni. Baadaye wengi walimsoma wakaona anatia chumvi. Nchi waliyoiona dirishani haikufanana na kitabu.

Aliyefungua kesi upya alikuwa mwanajiolojia, Sigurður Þórarinsson. Mwaka wa 1944 alitoa tasnifu yake kuhusu matabaka ya jivu. Wazo lake ni safi sana. Fikiria chapati zimepangwa kwa hotipoti, na kati ya moja na nyingine umenyunyiza unga. Jivu ni ule unga, udongo ni chapati. Kila mlipuko uliacha mstari wake, wenye rangi na kemia yake, na ukijua mlipuko ulikuwa mwaka gani, unajua udongo wa juu na wa chini yake ni wa lini. Karibu sana na wakati watu walipofika kuna tabaka moja maarufu, sehemu nyingine lina rangi mbili, la miaka ya 870. Wao wanaliita tabaka la ulowezi.

Sasa linganisha. Chini ya hilo tabaka, udongo uliongezeka polepole kwa maelfu ya miaka. Juu yake, chapati zinakuwa nene ghafla. Mbona udongo uongezeke nchi inapoharibika? Kwa sababu ule uliopeperushwa kutoka sehemu zilizofunuliwa ulikuwa unaangukia kwa jirani ambaye bado ana nyasi. Kila unene ni shamba la mtu mwingine. Na kwenye udongo wa vinamasi, chavua, ule unga wa maua, inasema hadithi hiyo hiyo: chini birki nyingi, halafu birki inashuka na nyasi zinapanda.

Na hapa ndipo ile hoja ya "ni volkeno tu" inaangukia. Hekla ilishalipuka kabla ya watu kufika, kuna milipuko miwili ya miaka kama 3,000 na 4,200 iliyopita iliyomwaga jivu kuzidi la 1104. Msitu uliumia, kisha ukarudi. Baridi ilikuja na ikaenda, msitu ukarudi. Kilichobadilika baada ya 870 ni kwamba hakukuwa tena na msitu wa kutosha wa kupokea jivu. Lilipoanguka kwenye nchi iliyo uchi, halikutulia. Lilisafiri, likikwangua mimea kama msasa, na kufungua udongo zaidi. Volkeno na baridi vilikuwepo siku zote. Watu waliondoa ngao.

Kufikia katikati ya karne ya 20, birki ilikuwa imebaki karibu asilimia 1 ya nchi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 1997 ulikuta asilimia kama 40 ya Aisilandi ina mmomonyoko wa kiwango cha kutisha.

Lakini sikuleta hii stori niwaache hapo. Mwaka wa 1882 dhoruba za mchanga zilizika mashamba kusini mwa nchi, na hiyo ni moja ya mambo yaliyowaamsha. Mwaka wa 1899 wakaanza kupanda miti kwa mpango. Mwaka wa 1905 msitu wa Hallormsstaður ukalindwa, kondoo wakazuiwa. Mwaka wa 1907 bunge likapitisha sheria ya misitu na kuzuia mmomonyoko, na kikaundwa kitengo cha serikali cha kulinda udongo, kati ya vya kwanza duniani. Walikuwa nchi maskini, chini ya mfalme wa Denmark bado. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa: kujenga ua, kuweka vizuizi vya upepo, kupanda nyasi za mchangani. Baadaye wakatumia hadi ndege kumwaga mbegu na mbolea. Mwaka wa 1945 wakaleta mbegu za lupini kutoka Alaska, ua la zambarau linalotengeneza rutuba lenyewe. Limefunika mchanga kweli, lakini sasa linavamia hata mahali halikuitwa, na Waaisilandi wanabishana juu yake kama sisi na mikaratusi. Tangu 2007 wana mradi kuzunguka mlima Hekla, karibu hekta 90,000, wa kurudisha birki ili mlima ukilipuka tena, jivu lipate mahali pa kutulia.

Zaidi ya miaka mia moja ya kazi. Leo misitu yao yote, ya asili na ya kupandwa, iko karibu asilimia 2. Kutoka 1 hadi 2. Soma hiyo tena polepole. Hiyo ni nchi tajiri, yenye watu wachache, yenye nia.

Mtaniuliza, sasa hiyo inatuhusu nini? Sisi tuna uhusiano wa kweli na Aisilandi, wahandisi wetu wengi wa umeme wa mvuke wa Olkaria walisomea huko. Tunashiriki moto wa chini. Kile tusichosema ni kwamba tunashiriki pia udongo. Andosoli ziko hapa, sehemu za juu za Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Elgon. Jivu lile lile la zamani, ubaridi, mvua, msitu.

Na hapa ndipo nilipoacha kusoma usiku mmoja nikazima simu.

Shosho wangu anakaa upande wa Murang'a, juu, karibu na msitu wa Aberdare. Shamba linashuka kwa kasi mpaka mtoni, na udongo wake ni mweusi, laini, ukiukanyaga unahisi kama godoro. Guka alikuwa amepanda mikima mistari miwili kwenye mteremko. Nilipoitwa kampasi hakukuwa na pesa. Mstari mmoja ukauzwa mbao, ukalipa karo yangu ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakukuwa na kitu cha kuuza haraka, na nikaacha. Mvua ndefu zilizofuata, sehemu ya mteremko uliokuwa na ule mstari iliteremka mtoni usiku mmoja. Haikuua mtu, haikufika kwa habari. Ilikuwa tu kama mtu amemwaga uji. Asubuhi kulikuwa na kidonda cha udongo mwekundu pale palipokuwa na weusi.

Shosho hajawahi kunilaumu. Anasema karo ilikuwa lazima ilipwe. Na ni kweli, ilikuwa lazima. Ndiyo maana sikuweza kuwaita wale watu wa makaa wajinga. Mimi ni mtoto wa makaa.

Sasa anko anataka kuuza mstari wa pili. Binamu yangu anaingia sekondari, kwa hivyo si ulafi, ni ile ile hesabu. Nilipojaribu kuongea kwa simu aliniambia mtu aliyeacha shule hawezi kumfunza udongo. Iliniuma, lakini nimeamua Jumamosi naenda. Siendi kukataza. Naenda na pendekezo: tuuze nusu, tuchague moja tuache moja, visiki na mizizi visichimbuliwe, miche ipandwe kabla ya mvua na si baada, na mbuzi wafungwe mbali na pale mpaka miche ipite urefu wa mtu. Pesa inayobaki kupungukiwa nitatoa mimi, kutoka kwa hizi video zenu. Si nyingi, lakini ipo.

Waaisilandi walipata sheria yao 1907, zaidi ya miaka elfu moja baada ya fyekeo la kwanza. Sisi bado tuna mstari mmoja umesimama.

Ile video sijaifuta. Nimebandika komenti ya yule msee juu kabisa, "Uliangalia?", na chini yake nimejibu: Hapana, lakini sasa nimeangalia. Kama kwenu kuna mteremko wenye udongo mweusi mwepesi, niambie umeshikiliwa na nini.